Makofi Hayana Jina: Kuitangaza Hotuba ya Rais wa Marekani Redioni

Tarehe 9 Septemba 2009, Rais Barack Obama alikuwa akilihutubia Bunge la Marekani kuhusu mpango wake wa bima ya afya, mara mtu mmoja akapaza sauti kutoka upande wa Warepublican: "Unasema uongo!" Watazamaji wa televisheni waliona vichwa vikigeuka, lakini wasikilizaji wa redio walipata ukelele tu, usio na jina wala sura. Mwenye sauti hiyo alikuwa Joe Wilson, mbunge wa South Carolina, ambaye aliomba radhi usiku huohuo. Mimi ni mhariri wa sauti, na kila ninapowafundisha watangazaji vijana huanzia hapo, kwa kuwa ukelele ule unaonyesha deni ambalo redio inadaiwa na msikilizaji wake.

Redio ya umma ya Marekani, NPR, ilianza kwa kusikiliza. Matangazo yake ya kwanza, mwezi Aprili 1971, yalikuwa vikao vya kamati ya Seneti kuhusu vita vya Vietnam, vilivyorushwa moja kwa moja kutoka ukumbini. Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa mwaka 1978, Seneti ilipojadili mikataba ya Mfereji wa Panama. Kamera hazikuwa zimeruhusiwa humo, na zisingeruhusiwa hadi 1986, kwa hiyo redio pekee ndiyo iliyoupeleka mjadala ule kwa wananchi wakati ukiendelea. Linda Wertheimer, mtangazaji wa NPR, aliutangaza mjadala huo kwa wiki nyingi, akimtambulisha kila msemaji na kufafanua taratibu za Seneti ambazo hata Wamarekani wengi hawazielewi. Mikataba yote miwili ilipitishwa kwa kura 68 dhidi ya 32, kura moja tu zaidi ya theluthi mbili zilizotakiwa, na msikilizaji aliyefuatilia tangu mwanzo alijua uzito wa kila jina lililoitwa. Sidhani kama kituo cha kibiashara kingekubali kutoa saa zote hizo.

Hotuba ya Hali ya Taifa, ambayo Rais huitoa mbele ya Bunge, ina ugumu wake. Mara nyingi waandishi hupewa nakala ya hotuba kabla haijasomwa, kwa sharti la kutoitangaza mapema, na mtangazaji hufuata mstari kwa mstari, akiweka alama pale Rais anapoongeza neno au kuruka aya. Wakati huo wote maikrofoni yake imefungwa. Wapo wanaodhani kunyamaza huko ni uvivu. Kwa maoni yangu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu maneno yanayowekwa juu ya sauti ya Rais humnyima msikilizaji vyote viwili, hotuba na maelezo.

Tatizo kubwa ni makofi. Ukumbini, wa chama kimoja husimama na wa chama cha pili hubaki vitini wamekunja mikono, lakini kinachofika redioni ni vishindo vya makofi, kana kwamba jengo zima limekubali. Mtangazaji hodari husubiri makofi yaanze kufifia, kisha huingiza sentensi moja fupi: "Wademokrati wameketi." Maneno mawili hayo hubadilisha kabisa kile ambacho msikilizaji alidhani amekisikia. Mwaka 2020 Nancy Pelosi, Spika wa Baraza la Wawakilishi wakati huo, alipoichana nakala ya hotuba ya Rais Donald Trump mara tu ilipomalizika, maikrofoni za jukwaani hazikuweza kumweleza msikilizaji kilichotokea. Ilibidi mtu aliyeona aseme.

Kisha hotuba huja mezani kwangu, kwa ajili ya taarifa ya asubuhi. Ile ambayo Rais Trump aliitoa mbele ya Bunge tarehe 4 Machi 2025 ilichukua takriban dakika 100, ilhali taarifa inaweza kubeba sekunde 20 tu. Ukifyeka makofi yote kati ya sentensi mbili, Rais anasikika kama mtu mwenye haraka, asiyesubiri kuungwa mkono. Ukiunganisha sentensi ya kwanza na makofi ya sentensi ya tatu, umetunga tukio ambalo halikutokea. Kwa hiyo mimi huacha pumzi ya msemaji na mwanzo wa makofi yaliyo yake kweli, kisha nayapunguza taratibu chini ya sauti ya mwandishi, ambaye hapo ndipo anapotaja waliosimama na waliobaki wameketi.