Lebo za Usalama Dukani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Lebo zote ni za aina moja, na king'ora cha mlangoni hujua mteja amebeba nini.

Zipo aina kadhaa, na kinachozitenganisha ni masafa, yaani idadi ya mitetemo ya mawimbi ya redio kwa sekunde. Ukiibandua lebo ya karatasi yenye umbo la mraba kutoka kwenye boksi la vipodozi na kuitazama kwa nyuma, utaona mstari mwembamba wa alumini uliozungushwa mara kadhaa kuelekea katikati. Hiyo ni koili, nayo pamoja na kapasita yake (kijisehemu kinachohifadhi chaji ya umeme) imetengenezwa iitikie masafa ya takriban megahezi 8.2. Nguzo za mlangoni hurusha mawimbi yanayopanda na kushuka kuzunguka masafa hayo, na koili inapoitikia, king'ora hulia. Ndani yake hamna chipu, betri wala jina la bidhaa. Kile kipande kirefu cha plastiki chenye ukanda wa chuma ndani hutumia kilohezi 58: chuma hutetemeka kikipigwa na mawimbi na huendelea kutetemeka kitambo kidogo mno baada ya mawimbi kukatika, na mtetemo huo wa mwisho ndio unaosikilizwa na nguzo.

Dhana: King'ora kikilia, mteja ameiba.

Hii ndiyo dhana inayoumiza watu, kwa kuwa mteja aliyelipa kila kitu huaibishwa mbele ya umati. Keshia huipitisha lebo ya megahezi 8.2 juu ya kifaa chenye mawimbi makali yanayoiharibu kapasita. Ile ya kilohezi 58 huondolewa usumaku. Bidhaa ikipitishwa harakaharaka au lebo ikiwa mbali na kifaa hicho, lebo hubaki hai. Vilevile, lebo hai iliyotoka duka jingine linalotumia masafa yaleyale itaamsha king'ora hichohicho. Kwa hiyo mlio huo unathibitisha jambo moja tu, kwamba kuna kitu kilichoitikia masafa, na mlinzi anapaswa kuomba risiti kwa heshima kabla ya kumshuku mtu.

Dhana: Lebo yenye chipu humfuatilia mnunuzi hadi nyumbani kwa setilaiti.

Lebo za kuhesabia mali, hasa kwenye maduka ya nguo, hutumia masafa kati ya megahezi 860 na 960: Ulaya hutumia sana 865 hadi 868, na Marekani 902 hadi 928. Kwa kawaida hazina betri. Chipu huamka kwa nguvu ya mawimbi ya kisomaji, yaani kifaa cha kusomea lebo hizo, na kujibu kwa namba, mara nyingi ya biti 96 (tarakimu 96 za 0 na 1), kwa umbali wa mita chache. Haiwasiliani na setilaiti. Hata hivyo, wasiwasi wa faragha una msingi, kwani namba hiyo ni ya kipekee na kisomaji chochote kinachofaa kilicho karibu kinaweza kuidaka. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha lebo hizi kiliweka amri ya kuizima chipu kabisa, na ni haki ya mnunuzi kuomba lebo iondolewe.

Dhana: Kisomaji hakikosei hesabu.

Kinaweza kusoma mamia ya lebo kwa sekunde bila kuziona, lakini maji hunyonya mawimbi hayo na chuma huyarudisha, hivyo makopo ya soda humsumbua mhesabuji kuliko mashati.

Dhana: Kupita kati ya nguzo ni hatari.

Mawimbi hayo hayana nguvu ya kuharibu chembe za mwili. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo apite kwa mwendo wake wa kawaida, asisimame katikati ya nguzo wala kuziegemea.