Kukosa kibali cha kazi hakumnyimi aliyeumia fidia yake

Wengi huamini kwamba anayefanya kazi Marekani bila kibali, akikatwa vidole na mashine au akianguka kutoka juu ya paa analoezeka, hana pa kudai, kwa kuwa ajira yenyewe haikuwa halali. Katika jimbo la California imani hiyo si kweli, nayo humwacha majeruhi ajitibu kwa deni ambalo bima ya mwajiri ilipaswa kulibeba. Sheria ya Kazi ya jimbo hilo, kifungu cha 3351, humhesabu kuwa mfanyakazi kila aliyeajiriwa, kihalali au la, wageni wakiwemo. Mwaka 2005 kampuni ya kahawa ya Farmer Brothers ilipinga fidia ya mfanyakazi aliyetumia hati bandia, na Mahakama ya Rufani ikaikatalia: kilichomuumiza ni kazi, si hati.

Mkanganyiko umetokana kwa sehemu kubwa na hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 2002 katika kesi ya Hoffman Plastic Compounds, iliyomnyima mfanyakazi asiye na kibali malipo ya mshahara alioukosa baada ya kufukuzwa kwa kuunga mkono chama cha wafanyakazi, wala haikugusa matibabu ya aliyeumia. Anachoweza kukikosa aliyeumia bila kibali ni kurudishwa kazini.

Jeraha liripotiwe kwa mwajiri kwa maandishi ndani ya siku 30. Mwajiri akishajua, ana siku moja ya kazi kutoa fomu ya madai, na ikishawasilishwa, matibabu ya hadi dola 10,000 hulipiwa wakati dai likichunguzwa.