Kwa nini kioo cha simu ni bei nafuu Kariakoo

Juzi nilisimama kwenye meza ya fundi simu, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Mteja alileta simu iliyopasuka kioo. Fundi hakuwa na kioo cha aina ile, wala hana stoo. Ana bisibisi zake, mashine ya hewa moto na kigoda. Akamtuma kijana, na kabla hajamaliza kuifungua simu, kioo kilikuwa mezani. Kilitoka duka la tatu.

Mimi ni mchumi wa miji, na kila nikiulizwa majiji yanauongezea nini uchumi wa dunia, namfikiria fundi wa namna hii. Katika mji wenye maduka mawili ya simu angelazimika kufungia mtaji wake kwenye vioo ambavyo huenda visipate mnunuzi mwaka mzima, na gharama hiyo angembebesha mteja. Kariakoo, stoo yake ni mtaa mzima na haulipii kodi. Wengi wakijazana mahali pamoja, kila mmoja anaweza kushika kipande kidogo cha kazi na kukimudu hasa: huyu vioo, yule chaji, mwingine kazi yake ni kufungua simu zilizojifunga, basi. Winga, yule dalali wa mtaani, naye anajua kila kitu kiko fremu gani, na ujuzi huo peke yake unamlisha.

Sasa kifuate kile kioo hadi kilikotoka, utafika Shenzhen. China ilipoifanya eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, palikuwa na mji mdogo na vijiji vya wakulima na wavuvi jirani na Hong Kong. Sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 17. Huaqiangbei, soko lake la elektroniki, ni Aggrey iliyokuzwa mara nyingi sana: mtu mwenye wazo la kifaa kipya anazunguka vibanda, anaokota vipuri, anaanza kuunganisha sampuli siku hiyohiyo.

Wengi huishia hapo: Wachina wanatengeneza, sisi tunanunua. Sikubaliani nao. Miji yetu nayo imechangia kuamua nini kitengenezwe. Katika sensa ya 1967 Dar es Salaam haikufika watu laki tatu. Ile ya 2022 ilikuta milioni 5.38. Lagos na Kinshasa nazo zilifurika watu, na wengi walitembea na laini mbili au tatu mfukoni, kwa sababu kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, wenye Tecno na itel, iliwatazama watu hao vizuri. Ikawauzia simu za laini mbili, betri inayokaa na chaji muda mrefu, kamera inayoitendea haki ngozi nyeusi. Mwaka 2019 hisa zake zikaingia soko la Shanghai. Mahitaji ya mitaa yetu yalibadilisha kazi ya viwanda vya huko.

Na mzigo hauishii Dar. Mfanyabiashara mdogo wa Lubumbashi, kule Katanga nchini Congo, hawezi kujaza kontena peke yake. Kariakoo analikuta limeshavunjwa, anachagua maboksi yake sita, anapatana bei kwa Kiswahili, kisha mzigo unapakiwa kwenye lori la Tunduma, mpakani na Zambia. Njia hiyohiyo inateremsha shaba ya Katanga hadi bandarini, ikielekea Asia. Kontena la kiwandani linagawanywa hapa hadi likatosha mfuko wa mtu mmoja, na kwangu hiyo ni kazi kubwa kuliko ghorofa zote tunazopenda kupigia picha.

Ninachokihofia ni kwamba nguvu hii yote inategemea watu kufikiana. Anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto anaamka alfajiri ili awahi fremu, na saa zinazoliwa na foleni hazirudi. Mvua kubwa zikinyesha, Mto Msimbazi unafurika, Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani na mabasi ya mwendokasi hayapiti. Siku hiyo hatuna jiji la watu milioni tano. Tuna vimji vilivyotenganishwa na maji. Yule fundi aliniambia siku kama hizo hafungui simu ya mtu kabla ya kuhakikisha kioo kipo, maana wenye maduka anayoyategemea wanakaa Magomeni na Kimara.