Vikao vya AA: mnayoambiwa na yenyewe yalivyo

Nilipita nje ya geti la kikao cha AA (Alcoholics Anonymous, watu wenye shida ya pombe wanaokutana kusaidiana kuacha) Alhamisi tatu kabla sijaingia. Nafika, naona taa ndani, nasikia watu wanacheka, nageuka, na nikigeuka sirudi nyumbani, napitia mangweni. Na haikuwa pombe peke yake iliyonigeuza, ni maneno niliyokuwa nimejazwa kuhusu hivi vikao, na karibu yote si kweli, na hadi leo nayasikia hapa Mombasa kila siku.

"Kwanza uache ndio uende." Hili ndio baya kuliko yote. AA wana sharti moja tu, uwe na hamu ya kuacha kunywa, basi. Huulizwi una siku ngapi bila pombe, hakuna fomu, hakuna barua ya chifu. Hata ukienda na harufu mdomoni mara nyingi utaambiwa kaa usikilize, utaongea siku nyingine. Siku yangu ya kwanza mikono ilikuwa inatetemeka, mzee mmoja akanimiminia chai nusu kikombe, mimi nikaona huyu ni mchoyo, kumbe anajua kikijaa nitajimwagia. Hakusema kitu. Miezi kadhaa baadaye ndio akaniambia na yeye walimmiminia nusu.

"Utasimamishwa mbele useme wewe ni mlevi." Hapana. Zamu ikifika sema jina lako la kwanza tu na "leo nasikiliza", wanaendelea na mwingine. Mimi nilikaa wiki nne hivyo.

"Ukiwa na kikao huhitaji daktari." Hapa ndugu zangu naomba msome polepole. Kama unakunywa kila siku kwa muda mrefu na asubuhi lazima utoe lock, yaani unywe tena kidogo, ndio mikono itulie, usiache ghafla peke yako chumbani. Mwili uliozoea pombe ukiikosa unaweza kushikwa na degedege ndani ya siku 2 za kwanza, na kati ya siku ya 2 na ya 4 hivi kuna wanaochanganyikiwa kabisa, wanaona vitu ambavyo havipo, joto linapanda, moyo unaenda mbio, na hali hiyo inaua. Watu wanadhani arosto, yale mateso ya mwili ukikosa kilevi, ni ya unga (heroini) tu, si kweli. Pitia hospitali kwanza, sema kiasi chako halisi usipunguze, kuna dawa za kukuvusha hizo siku. Kikaoni hakuna dawa wala daktari, kuna watu.

"Sasa watu kukaa kuongea kutasaidia nini?" Nilikuwa nasema hivyo pia. Lakini AA yenyewe ilianza hivyo hivyo. Mwaka 1935 Bill W., mtu wa biashara ya hisa, alikuwa Akron, Ohio, dili lake limeharibika, baa ya hoteli iko pale pale inamwita, akaanza kupiga simu kutafuta mlevi mwingine wa kuongea naye ndio asinywe. Akaletwa kwa daktari mmoja wa upasuaji, Dr. Bob, na tarehe 10 Juni mwaka huo, siku ambayo inahesabika kuwa Dr. Bob alikunywa kwa mara ya mwisho, ndio AA wanaihesabu kuzaliwa kwao. Na kama unataka utafiti, mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, wakaona programu za kuwaunganisha watu na AA zinawasaidia kukaa bila pombe kabisa sawa na tiba zingine zinazojulikana, na mara nyingi kuzishinda.

"Ni mambo ya kanisa." Hili nalielewa, mimi ni Mwislamu na kikao changu kiko kwenye ukumbi wa kanisa. Ukumbi unakodiwa tu. Hatua 12, ule mwongozo wa AA wa kuacha pombe, zinamtaja Mungu, sitawaficha, lakini zinasema Mungu kama kila mtu anavyomwelewa. Kuna vikao vinafunga na dua ya Kikristo, mimi hunyamaza na hakuna aliyewahi kuniuliza. Magharibi ikiingia natoka naswali narudi.

Pesa: hakuna ada. Kikapu kinapita cha chai na kodi, kama huna huna.

"Majirani watajua." Anayekuona ndani naye yuko ndani kwa sababu hiyo hiyo. Kutotajana huko nje si sheria ya serikali, ni ahadi kati ya watu, na kwetu imeshikwa vizuri sana. Kama una wasiwasi ulizia kikao kilichofungwa, hicho ni cha wenye shida ya pombe peke yao, kile cha wazi hata ndugu anaweza kuja. Na wake zetu, ndugu na marafiki wa mnywaji wana vikao vyao, Al-Anon, tangu 1951.

Na ukiteleza hufukuzwi. Mimi nimeteleza mara 2, nikarudi, wakanipa tena ile sarafu ya saa 24 ya anayeanza, yule mzee akaja kukaa kando yangu.

Kutafuta: angalia orodha kwenye tovuti ya AA lakini piga simu kwanza maana ratiba hubadilika, au kama uko Kenya piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure, wakuelekeze. Uko mbali, kuna vya Zoom. Cha kwanza kisipokufaa jaribu kingine, havifanani. Getini mwambie mlinzi umekuja kikao, hataki zaidi. Fika dakika 10 mapema, kuna viti karibu na mlango, mimi bado nakaa hapo.