Gluteni ni nini, na kwa nini unga wa ngano haufanani

Ukiuliza gluteni ni nini wengi watakwambia ni protini ya ngano, na hawajakosea, ila sio protini moja, ni kundi kubwa la protini, na kwenye unga mkavu bado hata hazijashikana. Gluteni yenyewe inatengenezeka pale unapotia maji ukaanza kukanda.

Kuiona kwa macho ni rahisi. Kanda unga mweupe na maji matupu, uache donge lipumzike nusu saa hivi, halafu lioshe polepole kwenye bakuli la maji huku unaliminya. Maji yatageuka meupe, hiyo ni wanga inatoka, na mkononi unabaki na kitu cha kijivujivu kinachonata na kuvutika kama mpira. Ndo gluteni hiyo. Jacopo Bartolomeo Beccari wa Bologna, Italia, aliielezea kazi hiihii mwaka 1728.

Ndani yake kuna makundi mawili. Gliadini zinakaa mojamoja, kila moja imejikunja kivyake, na zinafanya unga utanuke bila kukatika. Glutenini zenyewe zinaungana, maana zina asidi amino (yaani tofali linalojenga protini) inaitwa sisteini ambayo ina salfa, sasa salfa ya protini hii ikikutana na salfa ya protini ile zinafungana, na nyingine inakuja inafungwa hapohapo, mpaka unapata minyororo mirefu ajabu. Hizi ndo zinarudisha chapati nyuma unapoisukuma kabla donge halijapumzika. Gliadini zikizidi unga unalegea, glutenini zikizidi unakugomea.

Sasa nani anapanga kiasi na aina? Jeni. Na hapa ngano inashangaza kweli: ngano ya mkate ina seti tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni), A, B na D, kila seti imetoka kwa jamii yake ya nyasi, jumla kromosomu 42. Seti ya D iliingia mwisho, pale ngano iliyokuwa tayari inalimwa ilipochanganyika na nyasi ya porini, Aegilops tauschii, upande wa kusini mwa Bahari ya Kaspi, miaka elfu 8 hadi 10 iliyopita. Ngano ya duramu, ile ya tambi na spageti, haina D, kwa hiyo ina kromosomu 28.

Jeni za glutenini kubwa, yaani zile zenye molekuli kubwa zaidi, ziko kwenye kromosomu ya kwanza ya kila seti, mbilimbili, yaani sita, ila zinazofanya kazi huwa ni tatu hadi tano tu, zilizobaki zimezimika. Protini zake ni kama asilimia 10 tu ya gluteni yote lakini ndo zinaamua mkate utaumuka vipi. Mtafiti Peter Payne na wenzake kule Cambridge, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea, walionyesha kwamba ngano yenye jozi ya glutenini kubwa zilizopewa namba 5 na 10 kwenye seti ya D inatoa unga wenye nguvu, yenye 2 na 12 unga dhaifu. Sababu mojawapo ni kwamba ile namba 5 ina sisteini moja ya ziada, yaani sehemu moja zaidi ya kushikana na jirani! Ni kweli mbolea ya nitrojeni na joto shambani navyo vinabadilisha protini, lakini mtu anailaumu mikono yake wakati mwingine bure, tatizo liko kwenye mbegu.

Gliadini nazo jeni zake ziko kromosomu ya 1 na ya 6, na za alfa, zile za kromosomu ya 6, ndo zinawaumiza zaidi wenye ugonjwa wa siliaki. Kuna kipande cha asidi amino 33 ambacho 13 kati yake ni prolini na 10 ni glutamini, vimeng'enya vya tumbo vinashindwa kukikata, kinafika kwenye utumbo mwembamba kikiwa kizima na kinga ya mwili, kwa wenye jeni za kinga ziitwazo HLA-DQ2 au DQ8, inakishambulia na kuuharibu utumbo wenyewe. Kipande hiki kinatoka hasa seti ya D, lakini tafadhali usimpe mgonjwa spageti ukidhani ni salama, seti A na B zina vipande vingine vinavyodhuru vilevile. Na anayehisi ana siliaki apime kwanza ndo aache mkate, kwa sababu kipimo cha damu kinatafuta antibodi, yaani protini zinazotengenezwa na kinga ya mwili, na ukishaacha gluteni zinapungua mpaka kipimo kinaonyesha uko salama wakati sio.