Mionzi ya protoni kwa mtoto mwenye uvimbe wa ubongo: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Protoni zinaua saratani kuliko mionzi ya kawaida."
Hapana. Kwa kipimo kilekile, nguvu ya kuua seli za uvimbe inakaribiana sana. Tofauti ni pale mionzi inapoishia. Eksirei, yaani ile mionzi ya kawaida, hupenya mwili na kutokea upande wa pili. Protoni, ambazo ni chembe ndogo mno za atomu, humwaga sehemu kubwa ya nguvu zake mwisho wa safari, kisha hukoma hapo. Mtoto mwenye meduloblastoma, aina ya saratani ya ubongo, mara nyingi hupigwa mionzi ubongo wote na uti wa mgongo mzima, na eksirei zikiingilia mgongoni hupitia moyo, utumbo na tezi ya shingoni. Protoni huvinusuru kwa kiasi kikubwa.

"Basi haina madhara."
Ubongo wenyewe bado unapigwa. Nywele hunyonyoka, uchovu huja, na baadaye homoni, usikivu na uwezo wa kujifunza huweza kuathirika. Hata kimo: kwa mtoto anayekua, pingili za mgongo hupigwa nzima kwa makusudi, kwa sababu zikipigwa nusu mgongo unaweza kukua kombo.

"Akitoka kwenye mashine asibebwe, ana mionzi."
Mbebeni, tafadhali! Mashine ikizimwa, hana cha kumdhuru mdogo wake wala mama mjamzito. Mtoto aliyefungiwa barakoa ya kutuliza kichwa peke yake chumbani anahitaji kifua cha mama yake. Mionzi yenyewe haiumi. Walio wadogo sana hupewa nusukaputi kila siku ya tiba, kwa wiki sita hivi, ili wasicheze.

"Bila protoni hana nafasi ya kupona."
Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Kwa miongo mingi watoto wamepona meduloblastoma kwa upasuaji, dawa na eksirei. Kinachowaponza ni kuchelewa: baada ya upasuaji, madaktari hutaka mionzi ianze ndani ya wiki chache tu. Familia ya Dar es Salaam au Nairobi ikiwa bado inachangisha fedha za kwenda Chennai, India, ambako kituo cha protoni kilifunguliwa 2019, wiki hizo zinakwisha.

Muulizeni daktari mapema: mionzi isichelewe kupita tarehe gani? Fedha na nafasi vikipatikana kabla yake, nendeni. Visipopatikana, mtoto aanze eksirei, na michango iliyokusanywa ilipie nauli, chakula, na vipimo vya homoni na masikio miaka inayofuata.