Rangi nyingi sio kuonekana: mambo tunayodanganyana kuhusu vibao

Mi nachora vibao na majina ya mitumbwi hapa Kirumba, Mwanza, na kinachonichosha sio jua wala bei ya rangi, ni vile mteja anakuja kichwani ana mambo kaambiwa na jirani yake.

DHANA: ukijaza rangi kali ndo kibao kinaonekana mbali.
UKWELI: jicho linashika kwanza tofauti ya mwanga na giza. Kuna mama muuza dagaa pale Mwaloni alitaka herufi za damu ya mzee juu ya bluu iliyokolea, nikamwambia mama hii haitasomeka, akanijibu we fundi chora tu, hela yangu. Haya nikachora. Ukisimama ng'ambo ya barabara unaona ubao, maandishi yamemezwa, maana zote mbili ni rangi za giza hata kama majina tofauti. Nikarudia, nikazungushia kila herufi mstari wa njano, zikatoka fresh kabisa. Na wala sio ujanja wangu, angalia bendera yetu, ule mweusi ungegusana moja kwa moja na bluu na kijani ungezama, ila ile mistari miwili membamba ya njano (tunajua ni madini, sawa) ndo inayoutenga ukauona hata bendera ikiwa juu mlingotini. We piga picha mchoro wako na simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, maandishi yakipotea badili rangi kabla hujafungua kopo.

DHANA: rangi ikionekana imepauka basi imechakachuliwa dukani.
UKWELI: inawezekana, maduka tunayajua 😂 ila mara nyingi kosa ni la rangi iliyo pembeni yake. Huko Ufaransa kulikuwa na mkemia anaitwa Michel Eugène Chevreul, alikuwa kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, watu wakawa wanalalamika nyuzi nyeusi hazijakolea, jamaa akapima akakuta weusi hauna shida yoyote, shida ni rangi zilizofumwa pembeni yake ndo zinaufanya uonekane dhaifu. Akayaandikia kitabu mwaka 1839. Kwahiyo kabla hujamtukana muuza rangi jaribu kubadili kilichopo pembeni.

DHANA: rangi za msingi ni nyekundu, bluu na njano, basi.
UKWELI: hiyo ya shule inasaidia kwenye brashi kiasi, ila simu yako inachanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu, na printa inachanganya wino wa sayani (bluu ya kijani), majenta (waridi kali), njano na mweusi. Ndo maana kijani kinachowaka kwenye simu ukikipeleka kuprinti fulana kinatoka kimepoa, wino wa kawaida haukifikii, fundi hajakuibia.

DHANA: mizani ya mchoro ni kushoto na kulia kufanana.
UKWELI: nenda kaangalie Jiwe la Bismarck. Limekaa juu ya wenzake pale ziwani, pande zake hazifanani hata kidogo ila limetulia. Kwenye ubao ni hivohivo, sato mkubwa wa rangi nyepesi kushoto unaweza ukamtuliza na neno dogo jeusi kulia, maana kitu cheusi kina uzito machoni kuliko saizi yake. Kufananisha pande mbili ni njia moja tu, na mara nyingine inaboa.

DHANA: nafasi tupu ni hasara, nimelipia ubao mzima.
UKWELI: ile nafasi ndo inafanya jina lisomeke na mtu aliye kwenye daladala inayotembea, hana dakika mbili za kukusoma.

Hii ya mwisho sijawahi kushinda. Yule mama wa dagaa karudi juzi, safari hii anataka samaki, mzani, namba tatu za simu na picha yake mwenyewe, ubao futi nne kwa mbili. Bado tunabishana.